Lau Tatu Angezaliwa Kahama

Tamthilia nyingi za Kiswahili zimekufa kifo cha mtihani. Zilisomwa darasani, wahusika wakakaririwa, dhamira zikaorodheshwa, maswali yakajibiwa. Kisha vitabu vikarudi kabatini bila mtu kuwahi kuwaona wahusika hao wakisimama jukwaani na kusema. Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein imo katika hatari hiyo. Wanafunzi wa fasihi wanaujua mchezo huu, na walimu wao pia, lakini familia ambazo habari zao zimeandikwa humo haziujui. Sisi wa kurasa za familia tunaamini kwamba unastahili kurudishwa mbele ya watazamaji, na kwamba mahali pa kuanzia si Dar es Salaam, bali Shinyanga, Kahama na Geita, katika ukanda wa ng'ombe na dhahabu.

Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1975 akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin kwa utafiti juu ya maigizo ya Afrika Mashariki. Wengi wanamkumbuka kwa Kinjeketile (1969), mchezo wa Vita vya Majimaji. Wakati Ukuta, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hauna vita wala mashujaa. Ndani yake mna mama, baba, na binti yao Tatu ambaye moyo wake umeelekea kwa kijana aitwaye Swai. Jina hilo si la pwani. Ni jina la watu wa Kilimanjaro na Meru, na pengine mwandishi alitaka tulisikie hivyo. Mama anashika mila aliyolelewa nayo. Binti anataka kuishi kama wenzake wa mjini. Maneno yanakuwa makali, Tatu anaondoka nyumbani, anaolewa na Swai bila ridhaa ya wazazi wake, na ndoa ile haisimami.

Kisa ni kifupi, na mtu mwenye haraka atasema kwamba funzo lake ni moja tu: binti asiyewasikiliza wazee huishia kujuta. Jina la mchezo, lililotolewa katika methali isemayo kwamba wakati ni ukuta na anayepigana nao ataumia, linaweza kumfanya msomaji aamini hivyo. Lakini tuliposoma tena tulijiuliza: ni nani hasa anayepigana na ukuta? Ni Tatu, anayetaka kuruka hatua? Au ni mama, anayetaka siku zirudi nyuma zikamkute akiwa mwari? Hussein hampi ushindi yeyote kati yao. Mama ana haki ya kumhofia mtu asiyemjua, lakini hana lugha ya kumweleza mwanawe ila amri. Binti ana haki ya kusema anampenda nani, lakini hana subira ya kusikia jambo lolote baya juu ya mtu huyo. Katikati yao panakosekana kikao. Hakuna jioni hata moja ambapo mtu mzima mwenye busara anamketisha binti yule na kumuuliza, kwa upole, anataka nini na kwa sababu gani.

Ulimwenguni, mchezo unaotajwa zaidi juu ya ndoa na uhuru ni ule wa Henrik Ibsen wa Norway, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi Desemba 1879, ambamo mke aitwaye Nora anaondoka nyumbani kwa mumewe na kuwaacha watoto. Hadi leo hurudishwa jukwaani kila mwaka katika nchi nyingi. Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji mashuhuri alikataa kucheza nafasi ya mama anayewaacha wanawe, na Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine, jambo ambalo hakulipenda. Tunautaja kwa sababu ya tofauti moja. Nora anafunga mlango na mchezo unakwisha. Hatuambiwi alilala wapi usiku ule. Tatu anafunga mlango na mchezo unaendelea. Mlango anaoufunga si wa mume bali wa wazazi, na huo ndio mlango ambao mwanamke wa kwetu, mambo yakimharibikia, hana budi kuurudia. Kwa hiyo Hussein anauliza swali gumu zaidi: binti akirudi, nani atamfungulia, na kwa maneno gani?

Sasa tuchukue swali hilo tulipeleke Shinyanga.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ndicho kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Tabora ilifuata kwa asilimia 58 na Mara kwa asilimia 55, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 37. Ikumbukwe kwamba Shinyanga ya wakati ule ilikuwa pana kuliko ya leo: mikoa ya Geita na Simiyu ilikuwa haijaundwa, na Bukombe, Bariadi, Maswa na Meatu zote zilihesabiwa humo. Utafiti wa miaka ya 2015 na 2016 ulikuta wastani wa taifa umeshuka hadi asilimia 31. Nafuu ipo, lakini ni ya polepole.

Sababu hazifichiki kwa aliyeishi katika vijiji vya wafugaji. Mahari hulipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao hawamfuati bibi harusi. Huingia katika zizi la baba yake, na aghalabu hutoka tena kwenda kumwolea kaka yake. Binti mmoja akikataa posa, basi si yeye tu anayebaki nyumbani. Na kaka naye amekosa mke. Mzigo wa namna hiyo juu ya mabega ya msichana wa miaka 15 ni mzito kuliko amri yoyote ya mama yake Tatu. Hakuna haja ya kumfokea wala kumfungia. Kila mtu katika boma anajua hesabu ya ng'ombe, na yeye anaijua pia.

Usukumani kuna desturi nyingine, iitwayo chagulaga, ambayo serikali na mashirika yamekuwa yakiikemea. Msichana akiwa njiani, gulioni au ngomani, vijana humzunguka na kumtaka achague mmoja wao. Neno lenyewe linamwambia achague. Wazee hueleza kwamba zamani ulikuwa mchezo wa uchumba wenye adabu zake, na hatuna sababu ya kuwakanusha. Lakini mtu aliyezungukwa, ambaye njia ya kutoka ni kumtaja mmoja wa waliomzunguka, amechagua nini? Mwandishi wa michezo asingeweza kubuni picha iliyo wazi zaidi ya hiari isiyo na uhuru. Mtunzi kijana wa Shinyanga atakayetaka kuandika baada ya Hussein ana onyesho lake la kwanza tayari.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya ukanda huu. Nusu ya pili ni machimbo. Toka Kahama uelekee Kakola, penye mgodi wa Bulyanhulu, kisha uingie Geita, upite Nyarugusu, Rwamgasa, Katoro na Mgusu. Huku ng'ombe si kipimo. Kuna vijana waliotoka kila pembe ya nchi, Wakurya, Waha, Wachaga, Wasumbwa, Wasukuma wenyewe, ambao leo hawana nauli na kesho duara lao likitema wana fedha za kununulia pikipiki. Hakuna anayemjua baba wa mwenzake. Msichana anayeuza chakula au anayeponda mawe anaweza kuhamia kwa mchimbaji bila posa, bila mshenga, bila walii wala mashahidi, na majirani wakamwita mke wa fulani kuanzia asubuhi ya pili. Machimbo mapya yakisikika mahali, mwanamume anabeba sururu yake na kuondoka. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge, walioandika juu ya makazi ya wachimbaji wa dhahabu Tanzania mwaka 2013, walikataa kuyaita maisha haya yote umalaya. Waliona kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa wakitafuta mwenzi, wakijaribu kujenga kitu kinachofanana na nyumba mahali ambapo hakuna kinachokaa. Tunadhani waliona sawasawa.

Swai, basi, anaishi Katoro. Ana viatu vya mpira vyenye udongo na simu nzuri. Hana ubaya wa makusudi. Ana haraka tu, na hana mtu mzima wa kumwambia kwamba ndoa ina mlango wake. Na Tatu yupo pia, lakini amegawanyika mara mbili. Yuko Tatu wa kijijini aliyeozwa bila kuulizwa, na yuko Tatu wa machimboni aliyejioza bila kushauriwa. Mara nyingi ni mtu yule yule: aliyetoroka ng'ombe akaangukia dhahabu. Ndiyo maana tunasema kwamba lau Tatu angezaliwa Kahama, mchezo huu ungekuwa mkali maradufu, kwa kuwa hasira yake ya kuondoka ingekuwa na sababu kubwa zaidi ya kukatazwa matembezi.

Sheria nayo imo katika kisa hiki, na kwa sadfa ni rika la mchezo wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka katika kifungu cha 13 miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama ikaruhusiwa kukubali hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikamtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya mzazi. Rebeca Gyumi, mwanasheria, alivipinga vifungu hivyo, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikamkubalia kwamba vinakiuka Katiba, ikaagiza virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ilikata rufaa, ikieleza pamoja na mengine kwamba sheria ile ilizingatia mila na dini za Watanzania. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilifanyiwa marekebisho, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Katika mjadala wa umri Waislamu wa nchi hii hawakuwa na kauli moja, na hatudai kuumaliza hapa. Tunachotaka kusema ni kwamba kifungu cha 16 cha sheria ile ile ya 1971, ambacho hakuna aliyekipinga, kinataka ridhaa ya hiari ya wanaooana. Na ridhaa haikuja kwetu na sheria ya 1971.

Waislamu wa ukanda huu ni wachache miongoni mwa majirani zao, wanashirikiana nao soko, msiba na harusi, na si ajabu desturi ya jirani ikaingia nyumbani ikavalishwa kanzu. Mahari ndiyo mfano ulio karibu. Aya ya nne ya Suratun-Nisaa inaamuru wanawake wapewe mahari yao, na wanazuoni hawahitilafiani kwamba ni mali ya mke mwenyewe. Baba hana fungu ndani yake ila kile ambacho binti atampa kwa ridhaa. Ng'ombe wa bibi harusi wanaokwenda kumwolea kaka yake, basi, wana mwenyewe ambaye hakuulizwa.

Na ziko habari za wanawake wa Madina ambazo tunashangaa kwa nini madrasa zetu haziigizi. Khansaa binti Khidaam aliozwa na baba yake ilhali hataki, Mtume (S.A.W.) akaibatilisha ndoa ile, na habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Barira, aliyekuwa mtumwa, alipopata uhuru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kumwacha. Akamwacha. Mughith alikuwa akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni, hata Mtume akamwonea huruma na kumwombea kwa Barira. Mwanamke yule akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni maombi tu. Akasema hana haja naye, na maneno yakaishia hapo. Msomaji apime: aliyeomba ni nani, na aliyekataa ni nani, na hapakuwa na aliyemkemea.

Habari ya tatu, aliyoipokea Nasai kutoka kwa Bi Aisha (R.A.), na ambayo wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake, ni ya msichana aliyekuja kushitaki kwamba baba yake amemwoza kwa binamu yake ili kuinua hadhi ya kijana huyo. Baba akaitwa, na jambo likawekwa mikononi mwa msichana. Hapo, alipokwisha kupewa uwezo wa kukataa, akasema kwamba ameikubali kazi ya baba yake. Alichotaka ni wanawake wajue kwamba wana usemi. Sisi tunaona hii kuwa ndiyo ncha ambayo Nora hakuifikia na Tatu hakuonyeshwa. Hakutaka kuondoka. Alitaka kuulizwa.

Wasomaji wetu waliosoma fiqhi ya Kishafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Afrika Mashariki, watatukumbusha suala la walii mujbiri, yaani baba au babu mwenye mamlaka ya kumwoza bikira. Tunalijua. Watukumbushe pia masharti yaliyowekwa na wanazuoni hao hao: pasiwe na uadui kati ya baba na binti, mume awe kufu yake na awe na uwezo wa mahari, na kwamba hata masharti yakitimia, kumwomba binti idhini kunabaki kuwa jambo linalopendekezwa. Mwenye haraka hunukuu mamlaka na kuruka masharti.

Mchezo ungesaidia nini mahali ambapo khutba na hukumu za mahakama zimekwisha kusema? Tunajibu kwamba khutba huelezwa na mmoja na hukumu huandikwa na watatu, lakini mchezo huruhusu baba akae kimya akimtazama baba mwenzake akikosea. Aibu haimwangukii. Anacheka pamoja na wengine, kisha njiani kurudi nyumbani anaacha kucheka. Na watu wa kanda hii si wageni wa jukwaa. Tangu enzi za mababu, Wagika na Wagalu hushindana ngoma baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Hakuna mwamuzi mkali kuliko mtazamaji anayehama uwanja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, wakawafanya wanakijiji wenyewe watunge na kucheza matatizo yao, kisha wayajadili. Kutoka katika kazi ya namna hiyo ukazaliwa, mwaka 1996, mradi wa Tuseme ulioongozwa na yeye pamoja na Amandina Lihamba, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kusema yale ambayo kikao cha shule kisingewaruhusu. Njia imekwisha kulimwa.

Wapo watakaouliza kama yafaa. Maigizo katika mahafali ya madrasa na hafla za Maulid tumeyazoea, na adabu zake zinajulikana. Shule ya wasichana inaweza kuucheza mchezo huu na wasichana peke yao, nafasi ya baba na ya Swai zikichukuliwa na wanafunzi wenye sauti nzito, mbele ya akina mama na bibi zao. Tunapendelea hivyo hata bila hoja ya stara, kwa kuwa mama wa Tatu ndiye nafasi ngumu kuliko zote. Akichezwa kama mama mkali wa vichekesho, mchezo umepotea. Achezwe na msichana anayempenda mama yake, ajue kwa nini mwanamke yule anaogopa.

Wanaume nao wapate zamu yao, siku nyingine, wavulana wakiwachezea baba zao, na tungependa iwe Katoro au Nyarugusu, jioni, wachimbaji wakiwa wametoka mashimoni. Baada ya onyesho pasiwe na hotuba. Imamu wa mahali akae mbele, na swali liwe moja kwa kila baba aliyepo: posa ya mwisho ilipofika nyumbani kwako, binti alisema nini? Wale watakaojibu wataje maneno yake yeye, si ya mama yake wala ya shangazi.

Mwezi wa Juni mavuno yatakapokwisha viwanja vitakuwa wazi. Shule, madrasa au kikundi cha vijana cha Shinyanga, Kahama au Geita kitakachouchukua mchezo huu mapema kitakuwa na miezi ya kutosha ya mazoezi, kwani wahusika si wengi na hauhitaji mapambo zaidi ya kitanda, meza na mlango mmoja. Mlango huo tunashauri ufungwe na kufunguliwa kweli, usichorwe kitambaani. Sisi, Inshaallah, tutakuja kuuona.